Ukubwa jalala: kwa nini masteringi wa isekai wanakikimbia kiti

Niseme ukweli kabla hamjaniumbua wenyewe: Jumamosi ile sikuwa naumwa. Kichwa kizima, tumbo zima, na muda ule wenzangu wa kikoba wamekaa chini ya mwembe kwa mama Zai wananisubiri, mi nilikuwa ndani nimejifunika kanga mpaka shingoni naangalia anime, zile katuni za Kijapani, kwenye simu ya mdogo wangu, sauti nimeipunguza mpaka mwisho asije mtu akapita dirishani akasikia Kijapani. Siku hiyo tulikuwa tunachagua mwenyekiti mpya na jina langu lilishaanza kuzunguka tangu Alhamisi.

Kwa wasionijua, nipo Kigoma, Mwanga, nauza dagaa na mawese. Dagaa nanunua Kibirizi alfajiri mitumbwi ikirudi, naanika kwenye chanja, wakikauka nafungasha, magunia yanapanda treni kwenda Dar. Kwenye kikoba mi si kiongozi wa chochote, ila kila mtu anajua hesabu ya riba ikigoma inaletwa kwangu. Tupo 27, hisa moja shilingi 2,000, mkopo riba asilimia 10, ukichelewa faini 500. Mtu akisema nilikopa laki mbili na themanini nimeshapeleka mara tatu nimebakiza ngapi, wengine wanatafuta kalamu mi nimeshajibu. Hiyo ndo nguvu yangu, sina nyingine, hata kuogelea sijui na nimezaliwa pembeni ya ziwa.

Sasa hii ya anime nililetewa nyumbani. Mdogo wangu ni mvuvi, anapanda kipe, chombo cha kuvulia dagaa, usiku wa giza wako majini na taa zao na mbalamwezi ikitoka ndo wanapumzika. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika likafungwa miezi mitatu, katikati ya Mei mpaka katikati ya Agosti, ili samaki wazaliane. Kijana amezoea kufanya kazi usiku, ghafla hana kazi usiku wala mchana, basi akaenda kujaziwa flashi kwenye kibanda cha muvi kule sokoni akarudi nayo imejaa hivi vitu. Na mi dagaa hamna, biashara imelala, nikajikuta namsogelea kwenye mkeka. Mwanzo nilikuwa namcheka kwamba mtu mzima anaangalia katuni. Wiki ya pili mi ndo nilikuwa namwamsha.

Isekai ni Kijapani, maana yake dunia nyingine, na stori inaanza karibu vilevile kila mara: kuna mtu wa kawaida, mfanyakazi aliyechoka au mwanafunzi asiye na rafiki, anakufa, mara nyingi kagongwa na lori, yaani lori limegonga watu wengi mpaka mashabiki wamelipa jina, Truck-kun, kama ndugu yao vile. Anafumbua macho yuko kwenye dunia ya uchawi na majoka, afu kapewa nguvu zimepitiliza hata hakuziomba. Nyingi ya hizi zilianza kama riwaya za bure mtandaoni, kuna tovuti ya Kijapani inaitwa Shōsetsuka ni Narō, ipo tangu 2004, mtu yeyote anaandika anapandisha sura moja moja, zikipendwa zinakuwa kitabu, afu anime. Ndo maana zinafanana fanana, watu wanasomana na kuibiana humo humo.

Sisi tuliokulia mabanda ya video tunajua steringi anavyokuwa. Steringi hafi. Anapigwa mwanzo, anaenda kujificha mlimani kwa mzee mwenye ndevu, anarudi, anawamaliza maadui mmoja mmoja mpaka anamfikia bosi wao kwenye kiti kikubwa. Huyu wa isekai anaanzia pale mwenzake alipoishia, ana nguvu zote tangu episodi ya kwanza, na kile kiti kikubwa akiletewa anasema hapana, asante, mi nataka kulima tu. Mdogo wangu ilikuwa inamuudhi kweli. "Dada, huyu anaweza kumpiga mfalme na jeshi lake lote na bado anaomba asijulikane, hii ni akili kweli?" Mi nacheka. Nilimwelewa yule mtu bila hata kusoma maandishi ya chini.

Aliyenishika wa kwanza ni Azusa, yule mchawi aliyeua slaimu kwa miaka 300. Slaimu ni kale kadude ka utelezi, ndo kanyonge kuliko vyote kwenye dunia hizo. Azusa alikuwa mfanyakazi wa ofisi Japani akafa kwa kazi kuzidi, na Wajapani wana neno lake kabisa, karoshi, kufa kwa kazi. Alivyopewa nafasi ya kuzaliwa tena akaomba asizeeke na aishi polepole, basi. Akapata kijumba huko mlimani, kila siku anaua slaimu wachache apate hela ya chumvi, anarudi kulala. Miaka 300 ikapita hivyo. Siku moja kwenye ofisi yao ya kijijini wanampima nguvu, levo 99, hakuna ya juu yake. Kitu cha kwanza anachofanya ni kumsihi dada wa mapokezi asimwambie mtu. Na mnazijua siri za mapokezi. Haikupita muda majoka yanatua uani kwake yanataka wapimane nguvu, na nyumba inabomolewa.

Hapo nilisimamisha simu. Kwa sababu na mi hesabu sikuzaliwa nazo, watu wanadhani ni kipaji. Nimekaa miaka na mama sokoni tunapanga mafungu ya dagaa, fungu la mia mbili, fungu la mia tano, huyu kapunguziwa, yule kakopa mpaka Ijumaa, kila siku vile vile vidogo vidogo, mpaka siku moja watu wazima wananigeukia kwenye kikao na mi mwenyewe nashangaa kwamba kumbe wao hawaoni ninachokiona. Afu wakishajua, ndo basi tena.

Wa pili ni Cid, wa The Eminence in Shadow. Huyu kichaa chake ni kizuri. Yeye hataki kuwa shujaa wala mfalme, anataka kuwa yule mtu wa gizani anayeendesha mambo bila kujulikana, mchana ajifanye mwanafunzi mnyonge anayepigwa. Naye lori lilimpitia. Kwenye dunia mpya anamponya msichana mmoja aliyekuwa anaoza mwili kwa laana, anampa jina Alpha, na kwa kutaka kujipamba anamtungia hapo hapo stori kwamba kuna kundi la siri la wabaya na sisi tunapigana nalo. Uongo mtupu. Kumbe lile kundi lipo kweli! Alpha anaenda kukusanya wasichana wengine, wanakuwa jeshi, na mwenzao Gamma anachukua vile vistori Cid alivyokuwa anawapa vya dunia yetu, chokoleti na nini, anafungua nayo kampuni kubwa mjini. Cid hana habari. Yeye anavamia majambazi porini apate hela ya matumizi, siku anaingia kwenye duka lao anakuta watu wamepanga foleni.

Mdogo wangu anampenda Cid kuliko wote. Mi nilianza kumwangalia Alpha. Maana nani anaandika majina ya wale wasichana, nani anajua nani kala nani hajala, nani anagawa zamu? Cid anatokea usiku na koti jeusi anasema maneno mazito, anapotea. Asubuhi Alpha ndo yuko na daftari.

Afu kuna Ainz wa Overlord, huyu ni kinyume na bado ni yule yule. Mfanyakazi wa kawaida, jina lake Suzuki Satoru, anacheza geimu mpaka siku ya mwisho inapozimwa, amebaki peke yake, wenzake wote waliojenga naye lile kasri washaacha zamani wana maisha yao. Saa sita usiku inafika, geimu haizimiki. Yeye yuko ndani kwenye mwili wa mifupa mitupu, na wale watumishi waliokuwa midoli ya kompyuta sasa wanapumua na wamempigia magoti. Hataki ufalme, ila anaogopa kuwaangusha. Basi akiwa peke yake anasimama mbele ya kioo anafanya mazoezi ya kukaa kifalme. Alitamka neno la kupita tu kuhusu kuitawala dunia, akiwa anaangalia nyota, kesho yake wanapanga vita. Na anapokuwa haelewi kitu kabisa ana mbinu moja, anamwambia msaidizi wake mwenye akili nyingi, Demiurge, hebu waeleze na wenzako. Nilicheka mpaka mama akatoka jikoni. Nimeshakaa mikutano mingapi mwenyekiti anageuka "katibu, hebu wafafanulie" na uso umemkauka.

Na sijui kama ni bahati mbaya ila yule mwingine maarufu, Rimuru, aliyezaliwa upya akiwa slaimu, naye kabla ya kufa alikuwa anaitwa Satoru. Mikami Satoru, miaka 37, kachomwa kisu barabarani akimkinga mwenzake wa kazini. Rimuru alishindwa kumkatalia mzee wa kijiji cha goblini, vile vijitu vinyonge vya hadithini, aliyefiwa na mwanae na mbwa mwitu wanakuja tena. Akasema sawa nitawalinda. Akawashinda wale mbwa mwitu nao wakawa watu wake, akawapa majina wote, nguvu zikamwisha akazima siku tatu, kuamka anakuta kijiji kizima kimebadilika umbo. Kutoka hapo kijiji kikawa mji na mji ukawa nchi, yeye katikati bado anawaza chakula na kuoga maji ya moto.

Sasa hapa ndo nataka kusema kilichonikaa kooni. Nimeangalia nyingi sana, ziwa likafunguliwa na bado nikaendelea, na kuna kitu sijaona hata mara moja. Sijaona goblini akiuliza hela ya daraja imeenda wapi. Hakuna aliyenung'unika kwamba Rimuru anawapendelea mbwa mwitu. Hakuna mama wa kwenye kasri la mifupa aliyesema huyu Ainz tangu apewe ukubwa hasalimii. Raia wote wanashukuru! Wanaweza kutokea maadui wa nje, majeshi laki ngapi, majoka, mapadri wabaya, lakini wa ndani hana lawama. Abunuwasi wetu tu, ambaye hata kiti hakukitaka, kila hadithi kuna mtu kaenda kwa sultani kumsemea.

Wale Wajapani nawaelewa wanachokimbia. Mtu kafa kwa kazi, ukimpa ufalme anaona ofisi nyingine, vikao, makaratasi, kuamka mapema. Anakimbia uchovu. Sisi huku hatukimbii uchovu bwana, nani hajachoka. Sisi tunakimbia maneno. Wazee walishasema ukubwa jalala, kila mtu anakuja kumwaga kwako, na hakuna levo 99 ya kuzuia hilo. Unaweza kuwa na uchawi wa kuchoma mlima ila mama mmoja akisimama kwenye msiba akasema fulani kala hela ya sanda, utachoma nini? Ndo maana mi nilijifunika kanga.

Nililotaka likawa. Mi sikuwepo, wengine wakakataa mmoja mmoja kwa zamu, huyu ana mtoto mchanga, yule anasafiri. Ilibidi mama mmoja mpole sana, mtu wa kuuza vitenge, aseme basi nipeni mimi kama hakuna mwingine. Mpole wa kweli, akiona mtoto wa mtu analia na yeye machozi yanamlenga. Ila asilimia kwake ni Kichina.

Wiki za mwanzo alikuwa anakuja kwangu kila Ijumaa jioni na lile daftari kalifunga kwenye mfuko wa rambo. Anakaa kwenye kigoda, namhesabia, ananywa chai anaondoka. Ijumaa ya tano au ya sita nilikuwa nimechoka, nimetoka Kibirizi na mvua, magunia yamelowa, nikamwambia, na nakumbuka nilivyosema kwa sauti ya utani utani, "Si ulikubali mwenyewe mama angu." Akacheka. Hakuja tena.

Mwezi wa nne tunafungua sanduku, unajua sanduku la kikoba lina kufuli tatu na funguo wanashika watu watatu tofauti, kwaiyo kuibiwa si rahisi, na kweli hakuna aliyeiba. Ila hela ilikuwa imepungua laki sita na arobaini. Yule mama alikuwa hawezi kumkatalia mtu. Mtu ana hisa tano kapewa mkopo wa hisa thelathini, mwingine mdhamini wake ni yeye mwenyewe mkopaji kajiandika kwa jina la pili. Riba zimekatwa mara hivi mara vile. Nililichukua daftari nikalisoma pale pale kwenye mkeka, dakika kumi tu, nikaona mstari kwa mstari ilipoharibikia, ya kwanza kabisa ilikuwa wiki moja baada ya ile Ijumaa. Wakati nasoma wenzangu walishaanza. Kala. Vile vitenge vipya hela katoa wapi. Kumbe ndo maana alikuwa anakitaka kiti. Anakitaka! Mtu aliyesukumwa na watu 26!

Sikusema kitu. Naomba mnielewe vizuri hapo, nilijua kila kitu na sikusema, nilisema tu "hesabu inarekebishika" afu nikaangalia chini.

Siku hizi yule mama akienda sokoni anapita njia ya juu, haipiti yetu.

Ndo nikaenda Ujiji kwa bibi, maana nikiwa na jambo sipendi kulisema nyumbani. Bibi yangu ni muosha, akifa mwanamke mtaa ule anaitwa yeye. Hana cheo msikitini, hana cheo serikali ya mtaa, hajawahi kusimama mbele ya kikao chochote. Nyuma ya mlango wake kuna kikapu kimening'inia, ndani pamba, sabuni, glavu, karafuu maiti kwenye kichupa, na kandambili zake anaziacha zimeelekea nje, akivaa usiku asihangaike kuzigeuza. Tangu nina akili zangu zinaelekea nje.

Nikamsimulia Azusa, sikuanza na kikoba, nikaanza na Azusa kama hadithi. Bibi anachambua mchele anasikiliza.

"Kwaiyo anajificha."

"Ndiyo bibi, hataki usumbufu."

"Na watu wanajua kwamba anaweza?"

"Mwanzo hawajui. Miaka 300 hawajui."

"Basi huyo ana bahati," akasema, akarusha mchele. "Mimi walinijua nikiwa na miaka 30. Aliyekuwa anaosha kabla yangu aliumwa mgongo siku ana maiti mbili, akaniita nimshikie maji. Nikashika maji. Wakaona nimeshika maji sikuogopa."

Nikamuuliza hajawahi kutamani kukataa. Akasema ameshatamani mara nyingi, hasa mvua, hasa maiti akiwa mtu aliyegombana naye. Sasa? Sasa unaenda, anakusubiri pale, hawezi kwenda mwenyewe. Afu akanipa ungo nimalizie.

Mdogo wangu nilivyomwambia akaleta ubishi wake, kwamba kwani kukiacha kiti ni dhambi, Mwalimu Nyerere mwenyewe si alikiacha, Januari 1962, uhuru hauna hata miezi miwili, akamwachia Kawawa uwaziri mkuu? Kweli, na Desemba akarudi kuwa Rais. Nikamwambia lakini katikati hapo alienda vijijini kukijenga chama upya, hakwenda kujifunika kanga. Akasema Mwalimu angekuwa na anime labda na yeye angejifunika. Huyu mtoto siku moja nitampiga.

Wiki iliyopita wamekuja watatu nyumbani, hawakutuma meseji, wamekuja kwa miguu, ujue hapo hamna pa kutokea. Wanataka uchaguzi urudiwe. Mmoja ni mtu wa Kasulu, mdomo wake unajulikana, akaniambia kwao Heru enzi za mkoloni kiti cha utawala alikikalia mwanamke, Mwami Theresa Ntare, nchi nzima ile, "na wewe watu 27 unaumwa kichwa?" Kumbe walijua. Kumbe walijua siku ile ile, mtoto wa jirani alipita dirishani.

Nikawauliza na mama wa vitenge je. Wakatazamana. Wakasema huyo mwache apumzike. Nikasema mi siwezi kusikia habari ya uchaguzi wowote kabla daftari halijasomwa mbele ya watu wote, mstari kwa mstari, na yeye akiwa amekaa pale, na nitalisoma mimi, na ile Ijumaa nayo nitaisema. Hawakuelewa Ijumaa gani. Wakasema sawa.

Jana jioni nilipita njia ya juu. Alikuwa anakunja vitenge anafunga duka, tukasalimiana vizuri tu, tukaongelea mvua. Nikamwambia Jumamosi saa kumi, nitampitia twende wote. Akasema ataona, mguu unamsumbua. Uongo wa mguu na uongo wa kichwa, tukaangaliana hapo, akanipimia kitenge ambacho sikuwa na mpango wa kununua.

Leo Jumamosi yenyewe. Mdogo wangu yuko mlangoni na simu, kapata msimu mpya wa sijui nani tena aliyekataa ufalme, ananiuliza safari hii naumwa nini. Nimemwambia aache maneno aje anisaidie, nina dagaa juu ya chanja na wingu limesimama upande wa Kongo.